Ufunguo wa Wasichana Kumi na Sita

Tulimzika Wawira huko Kianjokoma Alhamisi iliyopita. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma naye na bado nina pumzi ya kusimama mbele ya watu, wanawe walinipigia simu wakaniomba niseme maneno mawili kuhusu ujana wake. Nilikubali. Nikavaa gauni langu la kijivu, nikatoka mtaa wa Majimbo ninakoishi tangu nistaafu, nikafika mapema, nikapewa kiti cha mbele pamoja na wazee wa kanisa. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, na mtu wa kutunza siri. Watu wakatikisa vichwa. Mtoto wake wa mwisho akalia, na mimi nikarudi kukaa nikipangusa miwani ambayo haikuwa na unyevu wowote. Nimefundisha bayolojia maisha yangu yote ya kazi, na sifa yangu kwa wanafunzi ilikuwa kwamba sizungukizunguki. Basi nitaeleza mwaka wetu wa kidato cha tatu bila kujipaka mafuta, kwa sababu pale mbele ya jeneza nilijipaka ya kutosha.

Shule yetu ilikuwa juu ya mji wa Embu, barabara ya kuelekea mlimani, mahali ambapo asubuhi hata sabuni inakataa kutoa povu. Ilikuwa miaka ya sabini, na shule ya wasichana yenye maabara ilikuwa jambo la kujivunia. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha mawe chenye madirisha sita, meza za mbao zilizoungua kwa asidi, na rafu ya chupa zilizojaa fomalini. Ndani ya chupa kulikuwa na vyura, mijusi, nyoka mmoja aliyekunjwa mara tatu ili atoshee, na kijusi cha mbuzi ambacho msichana mgeni alilazimika kukitazama hadi aache kutapika. Mwenye chumba hicho alikuwa Bwana Njeru, kijana aliyetoka chuo kikuu na koti jeupe na kalamu tatu mfukoni. Hakupiga mtu. Alikuwa anakutazama tu, kisha anakuambia wewe ni wa aina gani, na ukishaambiwa ilikuwa vigumu kuwa wa aina nyingine.

Wiki ya kwanza alileta kinyonga hai ndani ya kopo. Kwetu kinyonga haguswi, wala Meru wala Embu, na darasa zima lilirudi nyuma hadi ukutani. Bwana Njeru akauliza ni nani atamtia kwenye chupa ya klorofomu. Nilikwenda mimi. Nilimshika shingoni, nikamtumbukiza, nikafunika, nikasimama pale nikimtazama akibadilika rangi mara ya mwisho, kijani, kisha kahawia, kisha kitu kama majivu. "Kagendo hakupepesa jicho," mwalimu akasema. "Huyu ni mwanasayansi." Nilikuwa na miaka kumi na saba na hakuna mtu aliyewahi kuniambia mimi ni nani kwa sauti ya kupendeza namna ile. Kama angeniomba nimtie paka wa jikoni ningemtia.

Muhula huo somo lilikuwa uainishaji wa viumbe. Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi: tuliimba maneno hayo tukifagia, tukifua, tukipanga foleni ya uji. Bwana Njeru alisema Mungu aliumba vitu ovyo ovyo na kazi ya kuvipanga akatuachia sisi. Alitufundisha kwamba popo si ndege hata akiruka, na nyangumi si samaki hata akiogelea, kwa kuwa anayezaa na kunyonyesha ni mamalia, basi. Wawira, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akauliza, "Na mtu je, mwalimu?" Akajibiwa kwamba mtu naye ni mamalia tu, sawa na panya wa stoo. Tukacheka. Halafu msichana wa nyuma, Igoki, akainua mkono. Alisema kwao Mbeere nyanya yake anapanga wanyama mafungu matatu: wanaoliwa, wanaokula watu, na wale ambao hawatajwi wakati mtu yuko safarini. Bwana Njeru akatabasamu kwa subira. "Igoki, hiyo ni elimu ya jikoni," akasema, na darasa likaangua kicheko. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti zaidi, na nilikuwa na sababu yangu.

Sababu ni kwamba mimi na Igoki tulihesabiwa kitu kimoja. Wasichana karibu wote wa bweni letu walitoka juu, kwenye chai na kahawa, kutoka Kianjokoma na vijiji vya jirani. Wawili tu tulitoka chini. Mimi nilitoka Mitunguu, ambayo wakati huo haikuwa na mifereji wala migomba ya kuuza, ilikuwa vumbi na mtama. Yeye alitoka Mbeere, ambako kulikuwa vumbi na ndengu. Ninyi mnajua kwamba Mmeru wa Imenti na Mmbeere ni watu wawili, lakini wasichana wa juu hawakutaka habari hiyo. Walituita "wale wa joto." Mezani tulikaa mwisho wa benchi, mahali ambapo sufuria ya githeri inafika ikiwa imebaki maji na wadudu. Tulikuwa na kimo kimoja, weusi ule ule, pengo la meno pale pale. Metroni alituchanganya mara nyingi sana hivi kwamba mara moja niliosha vyoo wiki nzima kwa kosa la Igoki, na nilipolalamika akasema, "Si ni mamoja tu." Igoki alicheka akanisaidia kubeba ndoo. Kwake lilikuwa jambo la kufurahisha kuwa na pacha. Mimi lilinichoma hadi nikashindwa kula.

Ajabu ni kwamba nilimpenda pia. Hakuna aliyenifaa zaidi yake katika shule ile. Jumamosi tulioga pamoja nyuma ya mabati, kwa maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye theluji ya mlima, yeye akinisugua mgongo na mimi nikimsugua wake. Tulizungumza Kiswahili cha kuvunja vunja, maana Kimeru changu na Kimbeere chake vilikutana nusu ya njia tu. Siku moja niliona mistari myeupe chini ya kitovu chake, mingi, imeshuka hadi kwenye nyonga. Nilikuwa nimeona ile mistari kwa shangazi zangu. Aliona macho yangu yalipokwenda, akashika taulo, kisha akaiachilia.

"Sasa wewe ndio mtu yangu hapa," akasema. "Nikikuambia, itakaa?"

"Itakaa."

"Niko na mtoto. Kijana. Ako kwa cucu, kwa nyanya yangu. Ana miaka mbili. Sasa anasema maneno." Akajimwagia maji kichwani kwa haraka, nadhani ili nisimwone uso. "Amepewa jina ya baba yangu, kwa sababu hakuna upande ingine ya kumpatia. Mzee alisema nikifukuzwa hii shule, hana ng'ombe ingine ya kuuza. Nitaolewa tu na mtu yeyote."

Nilimwambia siri yake imeingia kaburini. Alinishika mkono kwa vidole vyenye sabuni. Yeyote aliyesoma miaka hiyo anajua jinsi muuguzi alivyokuja kila shule inapofunguliwa, akatulaza kitandani mmoja mmoja na kutubonyeza tumbo juu ya shimizi, kutafuta mimba. Aliyekutwa nayo alikuwa nje kabla ya chakula cha mchana. Aliyewahi kuzaa naye hakutakiwa, kwa sababu, kama alivyosema mwalimu mkuu kila gwaride, tunda moja bovu huozesha kikapu. Igoki alikuwa akipita kwa sababu ya shimizi tu.

Baada ya likizo ndogo Bwana Njeru akatupa kazi ya ufunguo. Ufunguo, katika somo letu, ni orodha ya hatua, na kila hatua ina maelezo mawili yanayopingana. Kiumbe ana miguu au hana? Akiwa nayo unakwenda hatua ya pili, akiwa hana unakwenda ya tano. Unashuka hivyo hadi anabaki kiumbe mmoja peke yake, na hapo ndipo unaandika jina lake. "Chagueni kundi lolote," akasema. "Majani, kunde, mende, mtakavyo. Lakini ufunguo unaoacha wawili pamoja haujafungua kitu." Aliyeandika ufunguo bora angekwenda naye Meru kwenye maonyesho ya shule, na jina lake lingebandikwa mlangoni mwa maabara. Wenzangu walikimbilia majani. Mimi nilichagua bweni letu, wasichana kumi na sita.

Mara ya kwanza nilitumia vitu: nani ana godoro la sponji na nani la nyasi, nani ana viatu viwili, nani anatia sukari yake kwenye uji. Ulikuwa ufunguo mzuri na ulisema ukweli wote wa bweni lile. Bwana Njeru aliurudisha na mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. "Godoro si sehemu ya kiumbe," akaniambia. "Tazama mwili." Basi nikatazama mwili. Wiki mbili niliwatazama wenzangu wakivaa, wakila, wakilala midomo wazi, nikiandika. Ndewe ya sikio iliyoshikana na shavu au iliyoning'inia. Kidole cha pili cha mguu kilichozidi kidole gumba. Wawira nilimtenga hatua ya nne tu, kwa sababu ya kope zake ndefu. Nilikuwa na furaha siku zile kuliko nilivyowahi kuwa. Wasichana walionisukuma mwisho wa benchi walikuwa sasa wanaingia kwenye mistari yangu na kukaa nilipowaweka.

Nikafika hatua ya kumi na tano, ya mwisho, na waliobaki walikuwa wawili: mimi na Igoki. Nilihangaika Jumapili nzima. Kimo, sawa. Pengo, sawa. Masikio, sawa. Mimi nina kovu gotini, lakini Bwana Njeru alikuwa ametuonya kwamba kovu ni ajali, si sifa ya kiumbe. Nilikaa kwenye benchi la chumba cha kulia, kukiwa na harufu ya kabichi iliyochemshwa, nikitazama mstari ule mtupu wenye majina mawili. Ningeweza kuchagua majani kama wenzangu. Ningeweza kumwacha msichana mmoja nje na kusema tuko kumi na tano. Sitaki mtu aniambie nilikuwa mtoto, nilijua vizuri nilichokuwa nakishika. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mamoja. Nikaandika: "15a. Tumbo laini, halina mistari: Kagendo. 15b. Tumbo lina mistari myeupe chini ya kitovu: Igoki." Nilipiga rula chini yake nikaenda kunywa chai.

Siku nne baadaye nilikuwa zamu ya kupiga deki baraza la ofisi. Dirisha la mwalimu mkuu lilikuwa wazi kidogo, nikasikia sauti ya Bwana Njeru ikisema, "Sikutaka kuleta, lakini imeandikwa." Kisha karatasi ikageuzwa. Mwalimu mkuu akauliza, "Na huyu aliyeandika?" Akajibu, "Ni mwanafunzi wangu bora. Naomba asitajwe." Nilikamua tambara nikaendelea kupiga deki. Hofu ilikuja, ndiyo, lakini nitasema kilichonipata kwanza kabla yake: nilisikia neno "bora" na likanipasha joto mwili mzima.

Igoki aliitwa kutoka katikati ya somo la hesabu. Metroni na mwalimu mkuu walimpeleka chumba cha wagonjwa, wakafunga mlango, wakamvua shimizi. Saa sita alikuwa bwenini akikunja blanketi lake. Niliruhusiwa kumsindikiza hadi barabarani kwa sababu metroni alisema, "Aende na pacha wake." Nilimbebea sanduku kichwani. Lilikuwa la mabati na halikuwa zito. Hakulia hadi tulipofika langoni.

"Ni Wawira," akasema. "Sivyo? Ule siku alipita bafuni akasema niko na tumbo ya mama. Wewe ulisikia."

Kweli Wawira alikuwa amepita akasema hivyo, kwa mzaha wake wa kila siku, na hakuwa ameona chochote. Igoki alinitazama akingoja. Nilikuwa na sekunde labda tano.

"Wawira hana mdomo wa kufungika," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akaniomba nimnakilie nukuu za bayolojia, kwa sababu baba yake akitulia huenda akampata shule nyingine, asije akawa nyuma. Nikamwambia nitamnakilia. Nilimnakilia kweli, kwa mwandiko mzuri, himaya zote na michoro yote, nikatuma kwa posta mara tatu. Mara ya nne barua yangu ilirudi. Baadaye nikasikia ameolewa na mzee mwenye duka, mke wa pili.

Kwa Wawira sikuhitaji kufanya lolote zaidi. Kabla ya kupanda basi Igoki alikuwa amemwambia mlinzi, mlinzi akawaambia wapishi, na jioni bweni zima lilijua ni nani aliyechoma, aliyempelekea mwalimu mkuu siri. Hakupigwa. Wasichana wetu hawakuwa wa kupiga. Waliacha tu kumjibu. Akiketi mezani, benchi linahama. Akiomba chumvi, chumvi inapitishwa upande wa pili. Walimpa jina "Redio," na kila alipoingia chumbani mtu alisema taratibu, "Zimeni redio." Wiki mbili alilia na kuapa kwa jina la mama yake. Alikuja hata kwangu, akasimama kando ya kitanda changu na kope zile ndefu zimelowa, akasema, "Kagendo, wewe ulikuwa rafiki yake. Waambie sikusema." Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba angeomba msamaha tu, ingekwisha. Akaenda mbele ya bweni akaomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya. Walikubali msamaha, na hawakumrudishia neno hata moja hadi mwisho wa mwaka. Msichana aliyekuwa akizungumza hata usingizini alimaliza kidato cha tatu akiwa kimya, na kimya hicho alikwenda nacho. Wanawe waliniambia juzi kwamba mama yao alikuwa mtu wa maneno machache. Walidhani ndivyo alivyozaliwa.

Mimi nilipata kumi na tisa juu ya ishirini. Kando ya hatua ya mwisho Bwana Njeru alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Umetenganisha vizuri." Tulipokwenda Meru kwenye maonyesho aliniambia ninakili upya ufunguo ule, na kwa kuwa Igoki hakuwa shuleni tena, hatua ya kumi na tano haikuhitajika. Wageni walisimama mbele ya meza yangu wakicheka kwa furaha. Nililishwa mkate na soda. Miaka mingi baadaye, nikifundisha somo lile lile, niligundua katikati ya sentensi, chaki mkononi, kwamba hata kisayansi nilikosea. Mistari ya tumbo ni kitu kilichompata mtu, sawa na kovu. Haifai kwenye ufunguo. Mwalimu wangu alipaswa kunipiga mstari mwekundu, nami alama hiyo ningeipoteza, na Igoki angebaki. Wanafunzi waliniuliza kuna nini. Niliwaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Basi Alhamisi, baada ya kufukia kaburi, tulipewa chakula chini ya hema. Nilikuwa nimeanza mukimo wangu wakati mama mmoja mwenye leso ya manjano alipoketi karibu nami bila kuuliza, sahani mapajani. Nilimtambua aliposema jina langu na la kwetu, kwa ile sauti iliyokuwa ikisikika juu ya maji ya bafuni.

"Nilisikia kwa tangazo ya redio," Igoki akasema. "Wakitaja jina yake na ya shule, nikamwambia kijana yangu anilete. Ako pale kwa gari." Alionyesha kwa kidevu mwanamume mwenye mvi kidogo aliyeegemea pikapu. "Sikukuja kulia. Miaka yote niliomba Mungu anipatie siku moja tu ya kuishi kumshinda huyu mama. Nilitaka kuona wakimfunika na macho yangu."

Nikasema, "Umeona."

"Nimeona." Akatafuna polepole. "Nimekusikia pia ukisema alikuwa anatunza siri. Mimi singeweza kusema hivyo. Wewe umepewa roho nzuri, Kagendo. Hata siku ile, shule mzima, ni wewe ulinibebea sanduku."

Kaburi lilikuwa hatua chache tu kutoka tulipoketi, udongo bado mbichi. Kinywa changu kilikuwa na mukimo ndani na nilijua kwamba nikiumeza itanibidi niseme. Igoki alichagua kipande cha nyama kilichonona katika sahani yake, akakihamishia kwenye yangu kwa vidole, kama mtu anavyomfanyia dada yake.

"Kula," akasema.

Nikala.